Kutoka ukurugenzi wizarani hadi ukamishna wa Tume ya Haki za Binadamu: naomba ushauri

Mkurugenzi_Dodoma: Ndugu wanajukwaa, nimeitumikia Serikali tangu nilipokuwa ofisa utumishi wilayani hadi sasa nikiwa mkurugenzi wa utawala wizarani, na nakaribia kustaafu. Wenzangu wananihimiza niombe nafasi ya kamishna katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kazi hiyo naitamani kwa dhati, lakini je, mwananchi aliyezungushwa na ofisi kama yangu ataniamini nikiketi kusikiliza malalamiko yake?

Mzee wa Masjala: Mkurugenzi, Ibara ya 129 ya Katiba inataja uzoefu wa utawala miongoni mwa sifa za makamishna, kwa hiyo omba bila kusita. Wewe unajua jalada hulala wapi na nani huliamsha; asiyejua hayo hupewa maelezo matamu akaridhika. Sir Edmund Compton alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Uingereza kabla ya kuwa ombudsman (mchunguzi wa malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za Serikali) wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1967, na mwaka huohuo aliikosoa Wizara ya Mambo ya Nje kwa kuwanyima fidia Waingereza walioteswa Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani, nayo fidia ikalipwa.

Wakili Mwanza: Nakubaliana na Mzee, ila ugumu uko kwingine. Umezoea kutoa maagizo, na Tume hutoa mapendekezo. Wananchi wa Nyamuma, Serengeti, walihamishwa kwa nguvu mwaka 2001. Tume ikapendekeza walipwe fidia, Serikali ikakataa, na ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani ndipo itamkwe kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa mahakamani, yaani mahakama inaweza kuamuru yatekelezwe. Ukiingia, andika kila pendekezo ukijua kwamba huenda jaji akalisoma, yaani ushahidi uwe kamili na nafuu inayoombwa iwe wazi.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mafao yangu yalicheleweshwa muda mrefu bila barua hata moja ya maelezo. Sikujali msikilizaji alitoka wapi, nilitaka anijibu kwa maandishi. Lakini lalamiko likihusu wizara yako ya zamani, tafadhali jiondoe mapema na utamke hivyo mbele ya mlalamikaji mwenyewe.

Mkurugenzi_Dodoma: Marahaba, Mama Neema. Nitaomba, na katika barua yangu nitaorodhesha idara nilizozisimamia ambazo sitashiriki kuzichunguza.