Leza moja, setilaiti sita juu: unaanza na ipi?

zamu_ya_usiku
Habari wakuu. Naomba mwenye uzoefu na hizi kazi za kupima umbali wa setilaiti kwa leza anitoe tongotongo. Kituo chetu kina darubini moja na leza moja, usiku tuko wawili tu, sasa unakuta juu ipo LAGEOS-2, Galileo tatu, GLONASS sijui ngapi (hizi ni za kuongozea njia kama GPS), af hapo hapo GRACE-FO, zile pacha za kupima uvutano wa dunia, nayo inachomoza. Orodha ya vipaumbele ya ILRS, hao wanaoratibu vituo vya leza duniani, kwa kawaida inaanza na zilizo chini, yaani GRACE-FO iliyo kilomita 490 hivi inaitangulia LAGEOS iliyo 5,900. Hapo ndo sielewi. GRACE-FO ina kipokezi cha GPS, obiti yake inajulikana hata sisi tukilala. LAGEOS ni mpira tu wa sentimita 60 uliopachikwa vioo 426, hauna betri wala redio, tusipoupiga sisi wa leza hakuna mwingine wa kusema uko wapi, na ndo huo huo unaotumika kujua kitovu cha uzito wa dunia kiko wapi. Sasa mwenye njia nyingine anampitaje asiye na kitu? Au mimi ndo sijaisoma vizuri?

mlinda_kuba
Umeisoma vizuri mkuu, ila umechanganya umuhimu na haraka. GRACE-FO ikichomoza, dakika tano sita imezama. LAGEOS inakaa nusu saa na zaidi, Galileo masaa kabisa. Mpishe mwenye haraka, ukirudi LAGEOS utaikuta bado inajikokota.

Mimi nilishajifanya mjuaji. Usiku mmoja mawingu yanapasuka pasuka, nikaipata LAGEOS vizuri, mwanga unaorudi umechora mstari kwenye skrini umenyooka kama uzi, nikasema ngoja niongeze kidogo. Mwenzangu ananiambia GRACE-FO iko digrii 25, namjibu dakika moja tu. Nageuza darubini ya kwanza imeshavuka utosini, ya pili iko nyuma yake kama nusu dakika maana zinafuatana kwa kilomita 220 hivi, nikahangaika kurekebisha dirisha la muda la kipokezi, yaani lini kifunguke kusubiri mwanga unaorudi, nikaambulia mapigo machache ya ile ya pili, wingu likafunga. Mwenzangu hakusema kitu, alienda kuchemsha chai.

Na kinachouma ni kwamba kule LAGEOS nilikokuwa nang'ang'ania sikuongeza cha maana. Tunachotuma ni nukta za wastani, yaani mapigo mengi yanafanywa kipimo kimoja, LAGEOS ni nukta moja kila sekunde 120. Kama leza yako ni ya kilohezi, inayopiga mara elfu kwa sekunde, mapigo elfu yanayorudi unayapata mapema tu ndani ya hizo dakika mbili. Kila pigo likiwa na kosa la sentimita 1, elfu moja yanashusha kosa la wastani hadi milimita 0.3 hivi, kinachobaki hapo ni makosa ya hewa na ya mashine yenyewe, na hayo hata upige elfu kumi yako pale pale. Jaza nukta, hama, zunguka, rudi.

obiti_ya_chini
Hilo la "ina GPS" lisikudanganye. ERS-1, setilaiti ya Ulaya ya kuitazama dunia, ilirushwa 1991 na chombo chake cha redio cha kufuatilia obiti, PRARE, kikafa mapema, leza ndo zikabeba mzigo. Geosat Follow-On ya 1998, ya Marekani ya kupima kimo cha bahari, nayo GPS yake ikagoma, leza tena. Na hata GPS ikiwa nzima nani anaikagua? Unahitaji kipimo cha pili kisichojuana na cha kwanza, ndo utajua kama obiti yako imekaa pembeni sentimita mbili. Ila hapo nakubaliana na wewe kidogo, kwa ukaguzi nukta chache zilizotawanyika zinatosha, sio lazima uifukuze mwanzo mwisho. CryoSat-2, ile ya kupima barafu, ndo ningeibeba mbele kuliko zenye GPS, yenyewe haina, inaishi kwa DORIS (mfumo wa redio za ardhini wa kufuatilia obiti) na leza.

kusini_mwa_ikweta
Wote mmeruka kitu kimoja, kituo chenyewe kiko wapi? Vituo vingi viko kaskazini. Vituo vya Ulaya kama Graz, Wettzell, Zimmerwald, Matera vinatazama karibu anga lile lile, mmoja akifungwa na wingu jirani anapiga. Kituo cha Yarragadee kule Australia kikinyamaza pengo linaonekana. Kwa hiyo kama uko kusini, LAGEOS moja yako ina uzito kuliko ya hao, usiitupe eti kwa sababu orodha imeiweka chini.

Galileo zipe vipande vitatu, mwanzo, katikati na mwisho wa mapito, kila kipande nukta mbili za dakika tano tano. Ila ujue ziko mbali karibu mara 4 ya LAGEOS na mwanga unaorudi unapungua kwa kipeo cha nne cha umbali (4 × 4 × 4 × 4), vioo vikiwa sawa unapata kama sehemu moja ya 250. Hewa ikiwa chafu usizigande, utapoteza dakika ishirini unatazama giza.

zamu_ya_usiku
Asanteni sana, jana tumejaribu. LAGEOS-2 nukta mbili, tukaiacha, GRACE-FO zote mbili kwa kupokezana, tukarudi LAGEOS-2 ikiwa inashuka tukapata nyingine tatu, Galileo moja katikati. Mkono ulichoka kubadilisha ila tumetoka na setilaiti nne badala ya mbili tulizozoea. Leo kwenye ratiba naona ICESat-2, ile inayopima barafu kwa leza yake yenyewe, nayo ni hivyo hivyo?

mlinda_kuba
Hapana hapana, hiyo usiiguse kabla hujasoma faili la ruhusa, linalosema kama unaweza kuipiga au la. Chombo chake kinatazama chini moja kwa moja na vipokezi vyake vinaweza kuungua na leza yako. Hata ukiruhusiwa, ikivuka mwinuko wa digrii 70 zima leza, subiri ishuke upande wa pili.