Naombeni ushauri: kuna mwenzangu kwenye gofu ni mzito mno, kundi zima limenuna

Mwambao_Kusini

Wakuu, habari za Jumapili. Naandika nikiwa sina raha. Anayejua mchezo huu anisaidie, asiyejua anivumilie.

Nacheza gofu hapa Dar. Klabu siitaji, maana mashimo 18 mjini ni Gymkhana na Lugalo, nikitaja nimejianika. Tuko wanne, kila Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijakolea. Zamani kabla ya saa sita tulikuwa tumeshakaa chini na supu. Siku hizi jua la saa saba linatukuta bado tuko uwanjani, na sababu ni mtu mmoja.

Huyu mwenzetu akifika kwenye mpira anasimama. Anapunga fimbo hewani, anarudi nyuma, anatazama bendera, anabadilisha fimbo, anaanza upya. Mpira ukiingia majanini tunautafuta zile dakika tano zote tunazoruhusiwa, zikiisha bado hataki kuuacha. Kwenye grini, yale majani mafupi yenye shimo, ndiyo usiseme. Kundi la nyuma linabaki limesimama mikono kiunoni, na juzi mmoja wao alipiga mpira ukatua karibu na miguu yetu. Nilichukia, ila nilijua tumewachosha.

Wenzangu wawili wameniita pembeni, wananitaka nifanye kitu. Nikisema vibaya nitaharibu mambo, nikinyamaza kundi linavunjika. Mtu wa namna hii anaambiwaje bila kumvunja moyo?

Nawasilisha.

Jogoo_Tabata

Wenzio tunasubiri maji tangu juzi, wewe unasubiri mtu apige mpira. Nimekaa paleee, nasoma.

Ustaadh wa Mbagala

Mleta uzi, haraka haraka haina baraka. Mnakimbilia wapi siku ya mapumziko? Subira ni sehemu ya imani. Mvumilie mwenzio, kesho na wewe utavumiliwa.

Sinza_Kumekucha

Ustaadh, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hasa kama supu inapoa.

Kanuni_Tano

Sheria iko wazi, watu hawaisomi tu. Kanuni ya 5.6 inakataza kuchelewesha mchezo bila sababu. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, kosa la kwanza unaongezewa mkwaju mmoja, la pili miwili, la tatu unatolewa. Kanuni hiyohiyo inashauri upige ndani ya sekunde 40 tangu ulipoweza kupiga bila kizuizi, na inasema mara nyingi utaweza hata mapema zaidi. Tangu 2019 unaruhusiwa kuputi, yaani kuusukumia mpira shimoni ukiwa kwenye grini, bendera ikiwa bado shimoni. Aliye tayari na apige, mkikubaliana, si lazima kumsubiri aliye mbali zaidi na shimo. Ukihisi mpira umepotea, piga wa akiba palepale kabla hujaondoka.

Na hakuna cha umri. Kwenye mashindano makubwa ya Masters ya 2013 huko Marekani, Guan Tianlang wa China, mtoto wa miaka 14, aliongezewa mkwaju mmoja kwa sababu ya kucheza polepole, na bado akapita mchujo. Mnamo 2005 huko Marekani, Rory Sabbatini alichoshwa na Ben Crane kiasi kwamba alimaliza shimo lake akaondoka kwenda linalofuata, mwenzake bado hajaputi.

Mpe nakala ya kanuni. Atajirekebisha.

Kedi Mstaafu

Mimi nimebeba mifuko ya gofu nikiwa sekondari, nitawaambia upande ambao wachezaji hawauoni. Kedi analipwa kwa raundi, si kwa saa. Mteja mzito wa asubuhi anakula raundi yako ya mchana: ukija kumaliza naye, kundi la pili limeshaondoka na kedi mwingine. Kulikuwa na mzee mmoja, mtu mzuri sana, lakini akishuka kwenye gari makedi walikuwa wanapotelea nyuma ya banda.

Mimi nilimchukua. Nilichofanya ni kimoja: tukifika kwenye mpira namkabidhi fimbo moja, kisha natangulia na mfuko. Hana cha kubadilisha. Kwenye grini mfuko nauweka upande wa kutokea, si upande tulioingilia, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma kuufuata. Hakuwahi kujua kwamba nilikuwa namharakisha, ila muda wa raundi ulipungua na makedi wengine wakaanza kumgombania. Yule mzee ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha nne, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo muulize kedi wenu kabla ya kutuuliza sisi.

Kichwa_Ngumu

Huyo mzee mkodishieni kigari, magoti yamechoka. Uzi ufungwe.

Mama wa Alhamisi

Mimi nacheza, na kuna kitu hakikai sawa hapa. Mleta uzi, kundi ni la watu wanne. Kwa nini wale wawili wamekuita wewe pembeni? Kwa nini hawakwenda kwake moja kwa moja? Na "nitaharibu mambo" ni mambo gani? Huyo mtu ni bosi wako? Mkweo? Anakudai? Tuambie ni nani, vinginevyo tunatibu mgonjwa tusiyemwona.

Mwambao_Kusini

Ni mtu wa karibu, tuishie hapo. @Kedi Mstaafu, hiyo ya fimbo moja nimeipenda. @Kanuni_Tano, nakala ya kanuni ataiona kama tusi.

Kichwa_Ngumu

Mkwe huyo. Mzee anamchelewesha makusudi mpaka mahari iishe kulipwa.

Mwambao_Kusini

Hakuna mahali nimeandika kwamba ni mzee. Ni shemeji yenu.

Ndiyo, mke wangu. Alianza mwaka jana, mimi ndiye niliyemshawishi, nikamnunulia fimbo. Sikusema mwanzoni kwa sababu najua jukwaa hili, mngeacha gofu mkaanza kujadili ndoa yangu.

Na nimeshachukua hatua kiasi, kwa hiyo msinishambulie. Nimemwambia Jumamosi ijayo kundi limejaa, kuna mgeni. Si uongo. Mgeni yupo, ni binamu yangu kutoka Tanga, nimemwalika. Nataka kupumua wiki moja tu, wenzangu nao warudi kwenye hali yao. Ninachohitaji ni namna ya kumweleza kuhusu wiki zitakazofuata.

Sinza_Kumekucha

Kumbe shemeji! Na binamu ameagizwa Tanga kuja kuziba nafasi. Endelea mkuu.

Ustaadh wa Mbagala

Ndugu yangu, umemwalika mgeni ili umfungie mlango mkeo. Anayejua nia ni Mwenyezi Mungu. Mrudie mkeo, zungumza naye kwa upole, ndani ya nyumba, si kwenye majani mbele ya wanaume wengine.

Dereva wa Tegeta

Nimemfundisha mama watoto kuendesha gari kwenye kiwanja cha wazi hapa kwetu. Kila akigusa klachi, mimi: achia, kanyaga, tazama kioo. Ikafika mahali anaendesha huku ananitazama mimi mdomoni badala ya kutazama mbele. Akapanda rundo la matofali, tukanuniana wiki nzima, hata chai nilijichemshia. Nikampeleka shule ya udereva kwa mwalimu mmoja mkimya hajapata kutokea. Leo anatoka Tegeta mpaka Posta peke yake, na nikiendesha mimi ananikosoa njia nzima.

Mama wa Alhamisi

@Dereva wa Tegeta, umegusa penyewe.

Mleta uzi, nijibu mawili tu. Anaanzia tii zipi, yaani sehemu gani ya kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo? Na pale anaposimama kwenye mpira kabla ya kupiga, anasubiri nini hasa?

Mwambao_Kusini

Anaanzia tunapoanzia sisi. Ni kundi moja, tukianza kugawana tii atajiona ametengwa.

Anasubiri nimwelekeze. Ana tabia ya kufungua bega la kushoto, kwa hiyo namwekea mkono begani, akae sawa, kisha namwambia fimbo gani. Nisipofanya hivyo anapiga chini ya mpira. Sasa mlitaka nimwache aaibike? Nimemfundisha kwa mapenzi yote, na wenzangu ni mashahidi.

Mama wa Alhamisi

Basi tumempata mgonjwa.

Tii za mbele hazikuwekwa kumtenga mtu. Zimewekwa ili mpira wake ufike grini kwa idadi ya mikwaju inayokaribiana na yako. Mtu wa mwaka mmoja ukimwanzishia kwenye tii zenu, kila shimo refu linamgharimu mikwaju miwili mitatu ya ziada, na kila mkwaju wewe unakwenda kushika bega. Zidisha kwa mashimo 18. Anayewachelewesha ni mpango wenu, na mpango huo umeuweka wewe.

Siku mkiingia mashindanoni hiyo habari ya fimbo gani itawaponza wote wawili. Kanuni ya 10.2 inakukataza kumpa ushauri mshindani mwingine, na yeye kukuomba. Ni mikwaju miwili. Anayeruhusiwa kumshauri ni kedi wake. Ukimzoesha hivi unamlea mchezaji asiyeweza kucheza bila wewe.

Tena msiseme wanawake ni wazito. Akina Madina Iddi wameiwakilisha nchi nje, na kwenye Lina PG Tour, inayomkumbuka marehemu Lina Nkya, watu wanakuja kushindana. Sisi wa Alhamisi tunacheza kwa pointi, mfumo alioubuni Dk. Frank Stableford na kuchezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Shimo likishakukataa na pointi hazipatikani tena, unaokota mpira unatembea. Hakuna anayekucheka. Mpeleke kwa mwalimu wa klabu, mwanzishie tii za mbele, na wewe ukiwa naye uwanjani funga mdomo mpaka akuulize.

Mwambao_Kusini

Nashukuru dada, lakini kwa mwalimu ni gharama juu ya gharama, na mimi handikepu yangu, kile kipimo cha uwezo wa mchezaji, si ya mtoto. Naweza kumfundisha. Ninachoomba ni maneno ya kumwambia, hamjanipa hata sentensi moja.

Mchunguzi_Ilala

Wakuu, mnakunywa chai na mmesahau kuomba vitafunwa.

Kwanza, mleta uzi ameandika dakika tano za kutafuta mpira. Tangu Januari 2019 ni dakika tatu. Mtu anayecheza kila Jumamosi hajui? Pili, nendeni kwenye uzi wa viwanja vya Kigamboni wa mwezi wa tatu, ID hiihii imeandika "sisi mabachela tunatafuta pa kuanzia". Leo ana mke, ana fimbo, ana binamu Tanga. Tunga vizuri, mkuu.

Jogoo_Tabata

Nilijua! Bachela wa Kigamboni.

Kichwa_Ngumu

Na mimi niliyekwishamnunulia mzee kigari?

Kanuni_Tano

Hizo dakika tano niliziona tangu asubuhi nikanyamaza. Inatia shaka, nakiri.

Mwambao_Kusini

Uzi wa Kigamboni nilimwandikia mdogo wangu, hana akaunti humu. Yeye ndiye bachela, na kiwanja kile hakukipata. Dakika tano ndivyo nilivyofundishwa na wazee walionikaribisha klabuni, na hakuna aliyewahi kunisahihisha. Mimi sikuja hapa kufanya mtihani. Nina jambo linaninyima usingizi, mnaniambia natunga.

Mchunguzi_Ilala

Mdogo wako. Sawa.

Kedi Mstaafu

Mchunguzi, hapo umekosea njia. Nilikobeba mimi wazee bado wanahesabu tano, na ukiwaambia tatu wanakuuliza umezaliwa lini. Mtu anacheza miaka na miaka bila kufungua kitabu. Ningeshangaa kama angezijua zote.

Mama wa Alhamisi

Na mimi nasimama naye. Mtu anayetunga hukujia na ugomvi mkubwa, mchepuko, talaka. Huyu kaja na bega la kushoto. Wanaume wanaotufundisha mchezo huu wote wanaanzia kwenye bega. Hata kama ana majina kumi humu ndani, aliyesimama juani akisubiri kuambiwa fimbo gani namjua, nilikuwa mimi miaka ile.

Umeomba sentensi, chukua: "Nimekuwa nakuchanganya uwanjani, kuanzia sasa sitasema kitu mpaka uniulize." Hakuna neno "mzito" hapo ndani. Na lile la kundi kujaa lifute leo kabla binamu hajapanda basi.

Dereva wa Tegeta

Fanya hivyo mkuu. Klachi niliyosemea mimi mpaka leo inakumbushwa kwenye vikao vya familia.

Mwambao_Kusini

Sikubaliani na yote. Bega lake kweli lina tatizo, na kundi letu lina haki ya kufurahia Jumamosi kama makundi mengine. Ila nimeongea na binamu, amesema gofu yenyewe haijui, alikuwa anakuja kwa sababu nimemwita.

Nimemtumia shemeji yenu ujumbe kwamba nafasi ipo. Amejibu kwamba ameshapata kundi. Kuna wanawake watatu walikuwa wanatafuta wa nne, ameandikishwa nao, na mwalimu wa klabu ameahidi kupita kuwaona kwenye mashimo ya mwanzo.

Sinza_Kumekucha

Wanaanza saa ngapi hao?

Mwambao_Kusini

Kabla yetu. Ndilo kundi lililo mbele yetu moja kwa moja.

Mama wa Alhamisi

Basi msubiri watoke grini ndipo mpige. Usije ukafanya kama yule aliyewatupia mpira miguuni. Na ukiona wamesimama, tazama kwanza mbele yao kuna nani, huenda nao wanasubiri. Wakiona wameachwa na walio mbele shimo zima na nyie mnasubiri, watawapisha wenyewe, mwalimu huwafundisha hilo siku ya kwanza.

Kedi Mstaafu

Amepata kedi? Kama hana, mwambie aulize kibandani mapema, Jumamosi wazuri wanachukuliwa kabla ya saa moja.

Mwambao_Kusini

Namuuliza sasa hivi.