Mkondo wa kuchaji: klampu mita yasoma sifuri, ampmita 5.3 A. Nifuate ipi?

FeziTatu
Wakuu, naomba msaada. Transfoma 1600 kVA, 400 V, 50 Hz, nyutro imefungwa ethi kupitia rezista ya ohmu 46 (5 A). Draivu (vidhibiti vya kasi ya mota) zimeongezwa, nataka kujua mkondo wa kuchaji wa mfumo wote, yaani ule unaopita kwenye kapasitansi kati ya nyaya na ethi. Nikibana fezi zote tatu kwa klampu mita, inasoma karibu sifuri. Nikipeleka fezi moja ethi kupitia ampmita, napata 5.3 A. Ipi ya kweli?

Nyutro
Hakuna, mkuu. Mfumo usipokuwa na hitilafu, mikondo ya kuchaji ya fezi tatu inapishana nyuzi 120 na jumla yake ni sifuri. Unaoutafuta hujitokeza fezi moja ikigusa ethi. Hiyo 5.3 nayo imebeba mkondo wa rezista, na miwili hiyo imeachana nyuzi 90: 5.3² − 5² = 3.09, kipeuo chake 1.76. Sema 1.8 A, ila usiiamini sana. Rezista ikipata joto ikapitisha 4.9 A, jibu linaruka hadi 2.0.

Mkaguzi wa Paneli
Rudia kipimo chako, rezista ya nyutro ikiwa imetolewa (zima transfoma kwanza unapoitoa). Fida (laini zinazolisha mizigo) zote za kawaida ziwe na umeme. Kebo iliyozimwa haichangii kitu. Pima kila fezi hadi ethi: karibu 231 V. Moja ikiwa chini sana, kuna hitilafu tayari, itafute kwanza.

Kisha unga kwa mfuatano, upande wa mzigo wa breka ya akiba: fyuzi ya HRC (inayokata salama hata shoti kubwa) 4 A/500 V, swichi, reostati (rezista inayorekebishika) ya ohmu 500 inayobeba 2 A, ampmita ya RMS halisi (isomayo sawa hata wimbi likiwa limeharibika), halafu ethi. Reostati ianze juu kabisa. Washa swichi uangalie sindano: kwa ohmu 500 mfumo usio na hitilafu hauwezi kuzidi 0.46 A. Ukiona 0.8 hivi, fezi nyingine imegusa ethi na reostati imebeba 400 V. Zima papo hapo. Ukiendelea kuteremsha unatengeneza shoti ya fezi kwa fezi. Kukiwa shwari, teremsha polepole hadi sifuri, soma, rudisha juu, zima. Usikawie: muda wote huo fezi mbili zilizobaki zina 400 V hadi ethi.

KeboNdefu
Makadirio ya haraka ni nusu ampea kwa kila 1000 kVA, yaani ulipaswa kuona 0.8 hivi. 1.8 nashuku ni filta za EMC (za kuzuia kelele za umeme) za draivu. Kila mikrofaradi 1 kwa fezi huleta 0.22 A. Soma mwongozo: draivu nyingi hutaka skrubu ya filta itolewe kwenye mfumo wa namna hii. Na kwa volti za kati achana na kipimo hiki, piga hesabu kwa kapasitansi ya kebo.

FeziTatu
Kwa hiyo 5 A inatosha?

Nyutro
Inatosha. Sharti ni mkondo wa rezista usiwe chini ya mkondo wa kuchaji, la sivyo hitilafu ya kugusa na kuachia hupandisha volti za mpito (za muda mfupi sana). Ila relei ya ethi (inayokata fida mkondo ukivujia ethi) ya kila fida iweke juu ya mkondo wa kuchaji wa fida hiyo yenyewe, isije ikakata kwa kosa la jirani.