Mrejesho: Dereva wa teksi anayekataa kuwasha mita

Niliuliza namna ya kumfanya dereva wa teksi awashe mita (kifaa kinachohesabu nauli) badala ya kutaja bei ya kichwani mwake. Ushauri nimeufanyia kazi, mrejesho ndio huu.

Kilichosaidia zaidi ni kuuliza mlango ukiwa wazi na begi bado mkononi: "Tunaenda kwa mita?" Mzigo ukishaingia kwenye buti, huna tena nguvu ya kujadiliana. Akisema mita mbovu, shukuru, ondoka, simamisha gari linalopita. Dereva aliyekaa foleni ya hotelini kwa muda wa saa mbili anataka kufidia muda wake kwako.

Akikubali, tazama mita kabla gari halijaondoka. Inatakiwa ionyeshe nauli ya kuanzia tu, si deni la abiria aliyeshuka. Angalia na namba ya kiwango cha nauli kwenye mita: mara nyingi 1 ni mchana, 2 ni usiku, na wapo wanaobonyeza 2 jua likiwa utosini. Ukihisi tarakimu zinakimbia, linganisha na kilomita za ramani ya simu. Ila mita kupanda gari likiwa limekwama foleni si wizi. Hapo inahesabu muda. (Hili nilikuwa nalilalamikia bure.)

Wote wakigoma, patana bei ya gari zima, si ya kila kichwa, mizigo na ada za barabara zikiwa ndani. Iandike kwenye simu, mwonyeshe. Na beba noti ndogondogo, maana "sina chenji" ni mita nyingine.