Mrejesho: Reksini ya dashibodi iliyokuwa ikibanduka
Ndugu zangu, mwezi Novemba niliomba ushauri kuhusu gari ninaloliunda mwenyewe nyumbani, hapa Umoja, Nairobi, kwa sababu reksini (ngozi bandia) niliyobandika kwenye dashibodi ya plaiwudi ilibanduka pembeni kila gari lilipokaa juani. Ninawashukuru sana nyote mlionijibu.

Niliibandua yote, nikasugua mbao kwa msasa hadi mabaki ya gundi yakaisha, kisha nikapaka gundi mpya pande zote mbili na kusubiri kama dakika 15, hadi ilipoacha kunata kidoleni, ndipo nikagandamiza kuanzia katikati. Kwenye kona niliipasha reksini joto kwa mashine ya kukausha nywele, ikavutika bila kukunjamana. Jua la Januari na Februari limepita na hakuna ukingo ulioinuka.

Matundu ya geji, yaani vipimo vya dashibodi, hayakufaulu. Mlinieleza nipasue reksini kwa umbo la msalaba juu ya tundu na kukunja ncha kwa nyuma, lakini kwenye geji ya mafuta nilikata duara zima, na sasa mbao inaonekana. Fundi wa viti wa Kariobangi ananishonea ukanda wa kuifunika.