Albamu ya kwanza ya Audioslave (2002): wewe ilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Fundi Kipaza
Wakuu, habari za muda huu. Jana nimepanda daladala ya Mbagala, dereva kachomeka flashi, singeli inatiririka vizuri tu, mara katikati ikajipenyeza "Like a Stone" ya Audioslave, bendi ya roki ya Marekani. Abiria wakaguna, konda akairuka haraka. Basi kichwa changu kikarudi nyuma miaka ishirini na ushee, usingizi ukakata.

Kwa vijana ambao hawakuwepo: bendi ya Rage Against the Machine ilibaki yatima Oktoba 2000, mwimbaji wao Zack de la Rocha alipojitoa. Wakabaki Tom Morello wa gitaa, Tim Commerford wa besi na Brad Wilk wa dramsi. Rick Rubin akawaambia wamtafute Chris Cornell, mwimbaji ambaye bendi yake ya Soundgarden ilishavunjika tangu 1997. Wakaungana, ndiyo Audioslave hiyo, na Rubin huyohuyo akawa prodyuza. Novemba 2002 albamu ikatoka, nyimbo 14, zaidi ya saa nzima. Wachambuzi wengi wakasema ni ndoa ya mkeka. Wiki ya kwanza Marekani ikauza nakala 162,000 na kuingia namba 7.

Mliokuwepo tiririkeni. Ilikukuta wapi, na ilikufanya nini?

Kamanda Chapati
Nakazia. Ule mwanzo wa "Cochise" nilidhani spika za mjomba zimepasuka.

Mzito wa Makongo
Mimi nilikuwa nazo nyimbo hizo kabla haijatoka. Kanda za majaribio zilivuja mtandaoni katikati ya 2002, hata jina la Audioslave lilikuwa bado, watu waliziita Civilian. Nilizipata intaneti kafe ya Posta.

Kamanda Chapati
Dar ya 2002? Intaneti ipi mkuu? Wimbo mmoja ulikuwa unashuka mpaka unamaliza hela ya nauli na bado uko asilimia 40. Punguza chumvi.

Mzito wa Makongo
Jamaa wa pale kafe alikuwa anaacha mashine zinapakua usiku kucha, asubuhi anatuuzia CD za kuchoma. Ambao mlikuwa hamlijui jiji mnyamaze.

Mwana wa Eastlands
Wasee wa TZ, hamjambo. Nashangaa mmefika hapa bila kusema kitu muhimu kabisa: Morello ni wetu. Babake ni Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wa Kenya, aliyekuja kuwa balozi wetu London. Na ni ukoo wa Mzee Jomo Kenyatta. Ukisikia hilo gitaa ujue ni damu ya Kiambu inaongea.

Kamanda Chapati
Haya, yameanza. Obama wenu, Morello wenu. Kazaliwa Harlem 1964, kakulia Libertyville, Illinois, kalelewa na mama peke yake, Mary Morello, mwalimu. Baba karudi Kenya mtoto angali mchanga. Gitaa mlimnunulia nyinyi?

Mwana wa Eastlands
Bana, wazazi wake walikutana Nairobi. Mama alikuwa anafunza huku. Damu ni damu. Wewe lia tu.

Mzee wa Dansi
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa. Nimesoma hapo juu kwamba wachambuzi waliita ndoa ya mkeka bendi kuundwa na vipande vya bendi kubwa nyingine, kana kwamba Wamarekani ndio walioanza. Bendi yetu ya dansi Mlimani Park ya 1978 ilitoka wapi? Waimbaji Muhiddin Gurumo na Hassani Bitchuka walitoka bendi ya Juwata, wakaja na mashabiki wao nyuma yao. Mwaka 1985 Gurumo huyohuyo akang'oka na wenzake kwenda OSS (Orchestra Safari Sound), mji ukagawanyika. Watu walinuniana baa! Huo ndio uhamisho, si huo wa kupigiana simu kupitia prodyuza.

Ila nakiri "I Am the Highway" ni wimbo. Ule nimeusikia kwa mwanangu, nikauliza ni nani huyo anayeimba kama aliyefiwa.

Fundi Kipaza
Shikamoo mzee wangu. Umeleta hoja nzito. Ila Mlimani walikuwa na shirika la umma nyuma yao. Hawa Audioslave walikuwa na kampuni mbili za rekodi zinavutana, Epic kwa upande wa Rage, Interscope kwa upande wa Cornell, na mameneja hawapatani. Machi 2002 Cornell akajitoa kabisa, bendi ikafa kabla haijazaliwa, kisha wakafukuza mameneja, akarudi. Asingerudi tusingekuwa na uzi huu.

Mzee wa Dansi
Marhaba. Na kwetu pia waliondoka na kurudi. Bitchuka muulizeni mtu yeyote.

Mwanafunzi Mstaafu
Naomba niweke hapa kitu ambacho sijawahi kukisimulia. Ni ndefu, anayechoka apite.

2004, kidato cha tano, shule ya bweni nyanda za juu kusini. Jina lake silitaji, msinilazimishe. Kaka yangu alikuwa Marekani, akanitumia albamu hii ndani ya boksi la viatu, CD halisi na kijitabu chake. Mnaikumbuka picha ya jalada? Nguzo kubwa ya chuma yenye umbo la mwali wa moto imesimama kwenye nchi kavu ya volkano, na mtu mmoja mdogo kasimama mbele yake anaitazama. Kaitengeneza Storm Thorgerson, yuleyule wa majalada ya Pink Floyd. Kwangu ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki. Nikaibandika ndani ya mlango wa tranka.

Muhula ule wasichana wa kidato cha tatu wakaanza kuanguka. Mliosoma bweni mnajua. Mmoja anapiga kelele prepu, wanafuata kumi. Shule nzima hailali, kila mtu anatafuta mchawi. Na mimi usiku ndio nilikuwa napiga "Cochise" kwenye redio ya bweni, kwa sababu hedifoni zangu ziliibwa. Ule mwanzo wake, nyuzi zinavyotetema kama helikopta inatua, ukausikia saa nne usiku kwenye baridi, taa za jenereta zinafifia, hata mimi niliyeupenda nilikuwa nasisimka.

Mtu akanichongea. Mwalimu wa nidhamu akaja na tochi, akafungua tranka, akaona mwali wa moto. Akasoma jina. Slave! Akasema, "Mtumwa wa nani? Sema mtumwa wa nani!"

Kesho yake paredi, shule nzima imepangwa, mimi mbele, CD juu ya meza. Mwalimu akapiga ile helikopta kwa spika za shule akasema sikilizeni wenyewe, sauti hii si ya binadamu wala si ya chombo. Nikamwonyesha kwenye kijitabu pameandikwa kwamba sauti zote zimetokana na gitaa, besi, dramsi na sauti ya mtu. Akasema gitaa la kanisani kwao halijawahi kulia hivyo. Hapo alikuwa na hoja.

Nikaamriwa nitafsiri wimbo wa pili mbele ya wote. Natetemeka, natafsiri: mtu anamlilia aliyemuumba amwonyeshe namna ya kuishi. Mchungaji aliyeitwa kuombea wasichana akanyanyua kichwa akasema, "Mbona hiyo ni sala?" Mwalimu akasema ni sala lakini kwa nani? Wakaanza kubishana wao wawili, mimi nimesimama na jua. Mwishowe nikapewa viboko vya kutosha, barua ya kumleta mzazi, na CD ikachomwa moto nyuma ya jiko. Plastiki ile ilitoa moshi mweusi, wanafunzi wakapiga makofi, na jioni ile hakuna msichana aliyeanguka. Hiyo ndiyo iliyoniua. Wiki nzima hakuna aliyeanguka. Hata rafiki zangu wa bweni wakahama vitanda.

Kamanda Chapati
Hii chai. Tena ya maziwa.

Mwanafunzi Mstaafu
Ungekuwa wewe uliyechapwa usingeiita chai.

Mama Wawili
Pole sana mwanangu. Mimi ni mwalimu, hayo ya kuanguka nimeyaona kwa macho. Wanakuwa na hofu ya mitihani, hawali, hawalali, mmoja akianza hofu inahama. Walitakiwa kutenganishwa na kupumzishwa. CD haikuhusika.

Kamanda Chapati
Mwalimu, CD ilichomwa wakapona. Sayansi iko wapi hapo?

Ustaadh Mwepesi
Tuache utani, muziki unafungua milango. Wakisomewa dua wanatulia.

Mzito wa Makongo
Kwetu waliweka chumvi kwenye kona za bweni.

Mwana wa Eastlands
Kwetu waliletewa chapati wakapona siku hiyo hiyo. Ilikuwa njaa.

Mjukuu wa Bibi Tatu
Wasichana waliendelea kuanguka baadaye au la? Hujamaliza. Na mzazi alipokuja?

Mwanafunzi Mstaafu
Walianza tena mwezi uliofuata, safari hiyo ikasingiziwa kitambaa cha meza cha maktaba. Mzee wangu alikuja. Alikuwa karani, mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, damudamu. Akamuuliza mwalimu, "Umemchapa kwa sababu ya gitaa?" Nikahamishwa shule.

Mzee wa Dansi
Sikinde! Mnaona sasa? Baba yako naomba nimsalimie.

Fundi Kipaza
Wakuu, uzi ni wa Audioslave, si wa mapepo. Tafadhali turudi. Mapepo fungueni wenu.

Mswahili wa Chicago
Narudisha. Nilikuwa mwanafunzi huku, nikaenda Lollapalooza ya 2003 ilipopita Illinois. Audioslave walikuwa wanafunga pamoja na Jane's Addiction. Watu tuliokuwa nao walienda kwa ajili ya Rage, wanasubiri siasa, wanasubiri ngumi hewani. Cornell akaja na sauti ile. Msichana mbele yangu alikuja na fulana ya Rage kwa kejeli, amesema njia nzima "sitaki kumwona huyu mrithi". Alipofika "Like a Stone" alikuwa anaimba kuliko mimi. Na Morello yuko pembeni, ile solo, pedali inainua noti mpaka unadhani gitaa linapiga mluzi. Hakuna kinanda pale, ni mtu na nyuzi sita.

Kwangu hiyo ndiyo sababu albamu hii inasimama. Rage walikuwa wanapiga vipande vikali vilivyokatwakatwa kwa sababu Zack anarap. Ukiweka mwimbaji mwenye pumzi ndefu juu ya wapigaji walewale, lazima waache nafasi. Sikilizeni Commerford kwenye "Like a Stone", kijana amekaa palepale, hana haraka. Kwenye Rage asingeruhusiwa.

Mzito wa Makongo
Sikubaliani. Nusu ya pili ya albamu imelegea. Nyimbo 14 ni nyingi, wangekata nne. "Hypnotize" naiirukaga.

Mswahili wa Chicago
Gusa yote usiguse "The Last Remaining Light".

Binti wa Kikwajuni
Jamani hamjambo. Mie nipo Maskati. Albamu hii nimeikuta kwa binamu zangu huku, vijana wa Kiomani lakini nyumbani wanasema Kiunguja kitupu. Walikuwa wakiipiga garini kwenda Nizwa. Siku Cornell alipofariki, 18 Mei 2017, kule Detroit baada ya onyesho na Soundgarden, binamu yangu mkubwa alinipigia simu hasemi kitu. Miaka hiyo tulikuwa hatusemezani kwa mambo ya mirathi. Tukasemezana. Ndilo langu hilo.

Kamanda Chapati
Dada pole. Hapa sina utani.

Mwana wa Eastlands
Januari ya mwaka huohuo walikuwa wameungana jukwaani Los Angeles, mara ya kwanza tangu Cornell aondoke 2007. Wengi tulidhani wanarudi. Hiyo iliuma.

Kijana wa Sae
Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa 2005, mwaka walipopiga bure Havana, msinicheke. Nataka kuanza kuwasikiliza. Nianzie wapi?

Mzito wa Makongo
Anza na Rage ya 1992, kisha Superunknown ya Soundgarden ya 1994, ndipo uje hapa. Vinginevyo hutaelewa nani kaleta nini.

Mswahili wa Chicago
Usimsikilize. Weka "Cochise", sauti mpaka mwisho, mengine yatakuja. Jina lenyewe ni la chifu wa Apache aliyepigana na jeshi la Marekani.

Mama Wawili
Sauti ya wastani tu mwanangu, una majirani.

Kijana wa Sae
Asanteni. Napiga gitaa kanisani. Ile helikopta inafanywaje?

Fundi Kipaza
Penseli. Anagongagonga nyuzi kwa penseli, sauti inapita kwenye pedali ya dilei ili irudie.

Kamanda Chapati
Nilijaribu kwa kalamu ya wino, shati likaharibika.

Fundi Kipaza
Bila dilei utapata kelele za kuchonga penseli tu. Tafuta pedali kwanza.

Mzito wa Makongo
Pedali ya nini, kuna programu za simu. Unachomeka gitaa kwenye simu, umemaliza.

Fundi Kipaza
Ya simu inachelewa, inakera.

Mwanafunzi Mstaafu
Mdogo wangu, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaipiga kanisani, mwambie mchungaji mapema.

Kijana wa Sae
Mchungaji ndiye mwenye gitaa. Kuna mwenye dilei ya bei ya mwanafunzi hapa Mbeya?

Mzee wa Dansi
Njoo PM. Ninayo moja ya tangu bendi yetu ilipovunjika, inafanya kazi ukiigonga upande wa kushoto.