Neno "kami" la Kijapani: mungu, karatasi, nywele

Muulizaji: Ndugu zangu, ninajifunza Kijapani na nimelikuta neno "kami" likimaanisha mungu, karatasi, nywele za kichwani na pia upande wa juu. Je, yote yana shina moja, kwa kuwa mungu yuko juu na nywele huota juu?

Mjibu wa kwanza: Kuhusu nywele, dhana yako ina uzito, kwani mara nyingi huhusishwa na "kami" ya juu. Kuhusu mungu, maelezo hayo yanavutia lakini yanakwama, kwa sababu katika maandishi ya karne ya 8 irabu ya mwisho ya neno la mungu iliandikwa kwa kundi la herufi tofauti na lile la neno la juu, jambo linaloonyesha kwamba yalitamkwa tofauti kabla ya sauti hizo kuungana. Karatasi wengine huihusisha na neno la Kichina la vibao vya kuandikia, ingawa mimi sijashawishika.

Mjibu wa pili: Niongeze kwamba katika lafudhi ya Tokyo, "kami" ya mungu hupandisha sauti silabi ya kwanza, ilhali karatasi na nywele hupandisha ya pili.

Muulizaji: Asante. Basi karatasi na nywele hutofautishwaje?

Mjibu wa pili: Kwa maandishi, 紙 na 髪, kwa mazungumzo, kwa muktadha tu, kama "paa" yetu. Mtu akisema "kami o kitta", huenda amekata karatasi au amekata nywele.